Mafua Tu

Kuna neno dogo la Kiswahili ambalo mwandishi yeyote wa habari za afya hukutana nalo kila siku: tu. Kikohozi tu. Homa tu. Mafua tu. Lina herufi mbili na kazi moja, nayo ni kupunguza. Mwambie jirani kwamba mwanao ana mafua, atakuuliza yameanza lini. Mwambie ana mafua tu, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya sukari.

Mara nyingi hiyo "tu" ina haki yake. Mafua mengi huletwa na virusi, hukaa wiki moja au siku kumi, kisha hujiondokea yenyewe bila dawa yoyote ya maana. Mtoto mdogo anaweza kuugua mafua mara sita hata nane kwa mwaka na bado akawa mzima kabisa. Lakini wapo wachache ambao mafua yao hayaondoki. Yanageuka usaha, na usaha unatafuta njia.

Insha hii inawahusu hao wachache, na inahusu pia jinsi sisi wengine tulivyoipata hiyo "tu". Nimekuwa nikisoma historia ya maradhi haya kwa miezi kadhaa, nikianzia kwenye vitabu vya madaktari na kuishia kwenye maisha ya waandishi, na nimefikia hitimisho moja: neno lile halikuwepo tangu zamani. Lilinunuliwa, na sehemu ya bei yake walilipa watoto.

Vyumba vya uso

Mimi si daktari, basi nitaeleza kama nilivyoelezwa. Nyuma ya uso wetu kuna vyumba. Mifupa ya mashavu, ya paji la uso, na ile iliyo katikati ya macho si mizito kama tofali. Ndani ina nafasi zilizojaa hewa, na kila chumba kina mlango mdogo unaofungukia puani. Vyumba hivi ndivyo watu wengi mjini huviita sainasi, na ugonjwa wenyewe huuita vivyo hivyo: "Leo sainasi zimeniamkia." Leonardo da Vinci aliuchora uwazi wa shavuni katika michoro yake ya fuvu ya mwaka 1489. Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliueleza kwa kina, na kwa muda mrefu chumba hicho kiliitwa kwa jina lake.

Mtoto hazaliwi na vyumba vyote vikiwa tayari. Vya mashavuni na vya katikati ya macho huwa vipo, ingawa vidogo. Kile cha paji la uso huchelewa, hujichimba taratibu utotoni na kuendelea kukua hadi ujana. Ndiyo maana usaha wa mtoto mdogo mara nyingi hulitishia jicho, na ule wa kijana wa miaka 12 au 15 huutishia zaidi ubongo.

Sasa, mafua yakivimbisha ile milango, ute hukwama ndani. Bakteria ambao siku zote hukaa puani na kooni bila kumsumbua mtu hujikuta kwenye dimbwi lililotuama, na huzaana. Kati ya chumba cha katikati ya macho na tundu la jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba mno, kiasi kwamba jina lake la Kilatini limetokana na karatasi. Kinachotenganisha pua ya mtoto na jicho lake ni karatasi ya mfupa. Huko juu, ukuta wa nyuma wa chumba cha paji la uso unapakana na utando unaofunika ubongo. Usaha hauhitaji hata kuutoboa ukuta huo, kwa sababu mishipa midogo ya damu ipitayo ndani ya mfupa haina vali. Damu inaweza kwenda huku ikarudi kule, na bakteria wakasafiri nayo.

Wakifika, madhara yake yana majina ya kutisha: jipu nyuma ya jicho, homa ya uti wa mgongo, jipu la ubongo, damu kuganda kwenye mshipa mkubwa ulio chini ya ubongo. Haya yote huweza kuanza na mtoto anayefuta kamasi kwa mkono wa shati.

Daktari aliyebebwa kwenye mlango

Jina la kwanza kwenye historia hii ni Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, London, aliyezaliwa mwaka 1714. Inasimuliwa kwamba mwaka 1756 alianguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika mguu barabarani, akakataa kata kata kuinuliwa ovyo. Akiwa amelala chini kwenye baridi, aliagiza wabeba viti waje na miti yao, akanunua mlango, ukapigiliwa misumari kwenye ile miti, naye akabebwa juu yake hadi nyumbani. Mguu ukapona. Siku za kulala kitandani akazitumia kuandika, na akaendelea kuandika hadi uzeeni.

Mwaka 1760 alichapisha kitabu kuhusu majeraha ya kichwa, na humo alieleza uvimbe wa ajabu unaotokea kwenye paji la uso: laini, umejaa, ukiubonyeza unabonyea. Pott alitambua kwamba uvimbe ule wa nje ni taarifa ya kilichomo ndani. Chini yake mfupa umeoza, na nyuma ya mfupa, juu ya utando wa ubongo, kuna usaha. Ushauri wake ulikuwa kutoboa fuvu ili usaha upate pa kutokea.

Aliisoma ishara sawasawa, lakini chanzo alikiona nusu. Wagonjwa wake walikuwa watu waliopigwa au kuanguka, kwa hiyo kisa kwake kilikuwa pigo. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba uvimbe huo mara nyingi hutokana na maambukizi ya chumba cha paji la uso, na kwamba huwapata hasa watoto wakubwa na vijana, umri ule ambao chumba hicho bado kinajichimba. Hadi leo unaitwa kwa jina la Pott.

Kutoboa fuvu hakukuwa jambo la Ulaya peke yake. Huku kwetu, Abagusii wa Kenya walikuwa na wapasuaji wa kichwa, kila mmoja akiitwa omobari, ambao walimfungua ngozi mtu mwenye maumivu ya kichwa yasiyokoma baada ya kupigwa au kuanguka, wakaukwangua mfupa wa fuvu kwa uangalifu mkubwa. Madaktari waliokuja kuandika habari zao katika karne ya 20 walishangaa kukuta wengi wa waliopasuliwa wakiwa hai. Pott na omobari hawakuwahi kusikiana, lakini walianza na wazo moja: kichwa kinachouma vile kina kitu ndani kinachotaka kutoka.

Pott aliwaona watoto mahali pengine pia. Mwaka 1775 aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafisha dohani, ambao walianza kazi wakiwa wavulana wadogo, wakisukumwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi yaliyojaa masizi. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifunga saratani na kazi ya mtu. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini angalia historia inavyogawa majina: uvimbe ni wa Pott, ugonjwa wa uti wa mgongo unaoletwa na kifua kikuu ni wa Pott, aina moja ya kuvunjika kifundo cha mguu ni ya Pott. Wale wavulana wa dohani wanabaki kuwa "wavulana".

Baba wa masikio na mwanawe

Wasomaji wa blogu hii watamjua Oscar Wilde. Wachache wanamjua baba yake kwa kazi yake. Sir William Wilde alikuwa daktari wa macho na masikio mjini Dublin, mmoja wa mabingwa wa masikio wa karne ya 19. Mwaka 1844 alianzisha hospitali iliyokuja kuitwa St Mark's, na mwaka 1853 akatoa kitabu kikubwa kuhusu upasuaji wa masikio.

Sikio linaingiaje hapa? Ni jirani. Kuna mrija unaotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio, na nyuma ya sikio kuna mfupa wenye vijumba vya hewa kama vile vya usoni. Mafua ya mtoto yanaweza kupanda njia hiyo kwa urahisi, na huko nako ubongo uko upande wa pili wa ukuta. William Wilde aliwakemea waliodhani sikio la mtoto linalotoa usaha ni jambo la kuachwa lijiponye. Mkato aliokuwa akiufanya nyuma ya sikio, hadi kwenye mfupa, ili usaha utoke, uliitwa mkato wa Wilde.

Alifariki mwaka 1876. Miaka 24 baadaye, tarehe 10 Oktoba 1900, mwanawe Oscar alipasuliwa sikio akiwa kwenye chumba cha hoteli mjini Paris. Tarehe 30 Novemba alikufa, ana miaka 46. Madaktari waliomhudumia waliandika kwamba ni uvimbe wa utando wa ubongo, na wengi waliokichambua kifo hicho baadaye wanaona chanzo kilikuwa sikio lake bovu la siku nyingi. Kwa muda mrefu watu walipenda kusema ni kaswende, maana ilifaa zaidi kwenye hadithi waliyotaka kuisimulia. Sikio halina kashfa.

Hapa nasimama kidogo. Mtoto wa bingwa wa masikio wa Dublin, mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye vitabu na vyombo vya kazi hiyo, alikufa kwa ugonjwa ambao baba yake aliuandikia kurasa nzima. Elimu ilikuwepo. Visu vilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuwaua bakteria walio ndani ya mwili bila kumuua mwenye mwili.

Mvulana wa Glasgow

Mwaka huohuo alipokufa Sir William, 1876, mpasuaji kijana wa Glasgow, William Macewen, aliitwa kumwona mvulana wa miaka 11. Kwa kuangalia dalili tu, bila picha ya eksirei kwa sababu eksirei ilikuwa haijagunduliwa, Macewen alisema kuna jipu kwenye ubongo, akataja na mahali lilipo. Akataka kupasua.

Ruhusa haikutolewa. Siwezi kuwalaumu waliokataa. Kufungua fuvu la mtoto aliye hai ili kutafuta jipu lisiloonekana, kwa maneno ya daktari mwenye miaka 28, lilikuwa jambo ambalo mzazi yeyote angeliogopa. Mvulana akafa. Baada ya kifo Macewen aliruhusiwa kufanya upasuaji uleule aliokuwa ameutaka, na jipu likakutwa palepale aliposema.

Mwaka 1893 Macewen alichapisha kitabu chake kuhusu maradhi ya usaha ya ubongo na uti wa mgongo. Kati ya wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 walipona. Hata leo, ukiwa na vipimo vya kisasa, hiyo ni hesabu ya kujivunia. Aliipata kwa kutibu mapema, kwa usafi mkali wa chumba cha upasuaji aliojifunza kwa Joseph Lister, na kwa kusoma dalili kama mtu anavyosoma maandishi. Sioni jinsi ya kuisoma ile 18 bila kumkumbuka mvulana wa kwanza, yule asiyehesabiwa humo.

Gramu chache za unga wa njano

Macewen mmoja hakuwatosha watoto wote. Walio wengi hawakuwa na mpasuaji kama yeye karibu, na yapo maambukizi ambayo kisu hakiyafikii. Mfano mbaya zaidi ni ule wa damu kuganda kwenye mshipa mkubwa ulio nyuma ya macho, chini ya ubongo. Wanaanatomia nao waliuita sainasi, jambo linalochanganya watu, lakini huu ni mshipa wa damu, hauna hewa. Hupokea damu kutoka kwenye macho na sehemu ya uso, kwa hiyo usaha wa pua, wa kope au hata kijipu cha mdomo wa juu unaweza kufika humo. Kabla ya antibiotiki, karibu kila aliyepatwa na hali hiyo alikufa.

Mwanga wa kwanza ulitoka Ujerumani. Mwaka 1935, Gerhard Domagk, mtafiti wa dawa iliyotokana na rangi nyekundu ya viwandani, alimpa binti yake mdogo dawa hiyo baada ya mtoto kujichoma sindano mkononi na maambukizi kupanda. Mkono ulikuwa karibu kukatwa. Binti akapona. Dawa za kundi hilo, salfa, zilisaidia wengi, lakini kukiwa na usaha mwingi mara nyingi zilishindwa.

Kisha ikaja Oxford. Alexander Fleming alikuwa ameigundua penisilini mwaka 1928 jijini London, lakini aliyeigeuza kuwa dawa ni kundi la Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Vita vilikuwa vinaendelea na vifaa vilikuwa shida. Walioteshea kuvu kwenye vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa, kisha kwenye vyombo vya udongo vilivyotengenezwa kwa mfano huo. Baada ya jasho lote hilo walipata unga wa njano kidogo sana.

Tarehe 12 Februari 1941, askari polisi mwenye maambukizi mabaya ya uso, ambaye tayari alikuwa amepoteza jicho moja, alianza kupewa dawa hiyo. Ndani ya siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Dawa ikaanza kuisha. Wakakusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara kuchuja penisilini iliyotoka mwilini, wakamrudishia. Ikaisha kabisa. Alikufa tarehe 15 Machi.

Baada ya hapo kundi lile liligeukia watoto, na sababu moja ilikuwa ya hesabu tu: mwili mdogo unahitaji dawa kidogo. Kati ya wagonjwa sita ambao habari zao zilichapishwa kwenye jarida la Lancet Agosti 1941, wanne walikuwa chini ya miaka 16.

Mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka minne. Aliugua surua, vipele vya kwenye kope la jicho la kushoto vikaingia bakteria, na maambukizi yakapenya hadi kwenye ule mshipa wa nyuma ya macho. Hakuanzia puani, lakini alifika mahali palepale. Macho yalivimba. Salfa ilikuwa imeshindwa. Mwezi Mei akaanza kupewa penisilini, na madaktari wakaona kitu ambacho hawakuwahi kukiona kwenye ugonjwa ule: uvimbe ukapungua, homa ikashuka, mtoto akaanza kuongea na kuchezea vitu vyake.

Siku chache baadaye hali ikageuka ghafla, akafa. Walipoufanyia mwili uchunguzi, walikuta mshipa mmoja wa damu, uliokuwa umedhoofishwa na maambukizi kabla ya dawa kuanza, umepasuka. Maambukizi yenyewe yalikuwa yamedhibitiwa. Kwa lugha ya sayansi, dawa ilifaulu.

Nimeisoma sentensi ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara inanisumbua. Dawa ilifaulu na mtoto akafa. Yote mawili ni kweli. Kwa ushahidi wa mtoto huyo na wenzake, Florey alikwenda Marekani kutafuta viwanda vya kuitengeneza penisilini kwa wingi, na kabla vita havijaisha ikawa inatolewa kwa mamilioni ya dozi. Miaka minne baadaye Fleming, Florey na Chain walisimama Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Mvulana yule angekuwa na miaka minane.

Hadithi aliyoitunga Fleming

Kwenye hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945, Fleming alifanya jambo ambalo wapenda fasihi watalipenda: alitunga kisa kifupi. Kuna bwana mmoja anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, lakini anatumia kidogo, kiasi kisichowaua bakteria bali kinachowafundisha kuizoea dawa. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haifanyi kazi kwa sababu bakteria wameshakuwa sugu. Mke anakufa. Kisha Fleming anauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, na anajibu: ni mume, kwa uzembe wake.

Kisa hicho kina miaka 80 sasa, na mimi nimekisikia Dar es Salaam, kwenye foleni ya duka la dawa, wahusika wakiwa wengine. Mbele yangu alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni, kamasi zimemkauka mdomoni.

"Kaka, nipe zile za rangi mbili, za buku."

"Za mtoto huyu, mama? Zipo za maji."

"Za maji ghali. Nipe hizo, nitamfungulia nusu nusu. Ni mafua tu."

Muuzaji akamtajia dozi nzima na bei yake. Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshapiga hesabu ya nauli. Akahesabiwa vidonge alivyoweza kuvilipia, vikafungwa kwenye kikaratasi, akaondoka.

Sina ujasiri wa kumwita mzembe. Fleming alimtwika mume mzigo wote, lakini bwana yule wa kwenye kisa hakuwa na foleni ya kliniki ya saa nne wala siku ya kibarua ya kupoteza. Ila bakteria hawaulizi nia. Kama mafua ya mtoto yule yalikuwa ya virusi, kama yalivyo mengi, vile vidonge havikumsaidia kitu, na viliwazoesha dawa bakteria waliolala kimya puani mwake. Na siku ambayo vyumba vya uso wake, au vya mtoto wa jirani, vitajaa usaha kweli, dawa iliyomgharimu mvulana wa Oxford maisha huenda ikakuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo "mafua tu" imekuwa na makosa mawili yanayovuta pande tofauti. Kosa la kwanza ni kuidharau dalili inayotisha. La pili ni kuitumia dawa kubwa kwa jambo dogo. Mara nyingi yote mawili yanatoka kwenye nyumba moja, wiki moja.

Tulichopata

Isionekane kwamba historia hii inaelekea gizani tu. Kwa miaka mingi, mmoja wa bakteria waliosababisha uvimbe mbaya wa macho na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo alikuwa yule anayefupishwa Hib. Kenya iliingiza chanjo yake kwenye ratiba ya watoto mwaka 2001. Watafiti wa Kilifi waliokuwa wakifuatilia watoto wanaolazwa hospitalini waliona ugonjwa huo ukishuka kwa zaidi ya robo tatu ndani ya miaka michache. Tanzania ilifuata mwaka 2009. Baadaye nchi zote mbili zikaongeza chanjo ya nimokoka, bakteria mwingine anayependa pua, masikio na vyumba vya uso. Zile sindano za pajani ambazo watoto wanazililia kliniki wakiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne ni sehemu ya hadithi hii hii. Ndizo zinazofanya wazazi wengi wa kizazi changu wasiwahi kuona jicho la mtoto likisukumwa nje na usaha.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Tumeyasahau madhara haya kwa sababu yamekuwa adimu, na kwa kuwa tumeyasahau, tunachelewa kuyatambua yanapokuja. Madaktari niliozungumza nao hawataki wazazi waogope kila kamasi. Wanataka wajue mpaka uko wapi. Mafua yaliyopita siku kumi bila nafuu yoyote, au yaliyopoa kisha yakarudi na homa kali, yanastahili kuonwa na mtaalamu. Ila yapo mambo yasiyongoja siku kumi wala kesho: kope lililovimba na kuwa jekundu wakati wa mafua, jicho linalotokeza au kushindwa kuzunguka, mtoto anayesema anaona vitu viwili viwili, uvimbe laini kwenye paji la uso, kichwa kinachouma sana pamoja na kutapika, shingo iliyokakamaa, degedege, usingizi usio wa kawaida. Hapo dawa ya buku haihusiki. Hapo ni hospitali, usiku huohuo, na mtoto afike akiwa bado anaongea.

Pott angeutambua ule uvimbe wa paji la uso kwa kidole kimoja. Macewen angekuonyesha jipu lilipo. Kilichowashinda wao sisi tunacho, kwenye rafu, karibu na sabuni na vocha za simu, na hakuna anayejua kitaendelea kufanya kazi hadi lini. Mtoto wa miaka minne alikipata Mei 1941 akiwa amechelewa kwa siku chache. Siku chache ndizo tofauti kati ya kope lililovimba na mshipa uliopasuka, na siku hizo anazihesabu mtu aliye nyumbani na mtoto, kabla daktari yeyote hajamwona.